Sirene Iliyonyamazishwa kwa Ajili ya Kilio

Sirene ile, king'ora cha juu ya paa, haikuwa na adabu, hata Candide mwenyewe alikubali. Maiti ya mumewe Rémy imelazwa sebuleni, wanawake wanalia mpaka sauti zinakauka, na juu ya paa sirene inajijaribu kama kila asubuhi: pwii, pwii! Mama mkwe wake, Pudentienne, aliruka mkekani.

"Candide, nyamazisha ile kitu! Mutoto wangu amekufa, nayo iko inapiga filimbi?"

Ni Rémy aliyeitengeneza, iwaonye majirani mto Kalimabenge unapofura. Kulikuwa na kipimo majini, waya, na karte ya elektroniki, kompyuta nzima inayoenea kiganjani. Candide ndiye aliyeandika naye programu. Alijua kwamba akiizima au kuianzisha upya, karte itasahau vipimo vya mto alivyovikusanya Rémy msimu mzima wa mvua. Aka, avifute leo, mwenye navyo hajazikwa? Hapana!

Njia ya tatu ilikuwepo. Ndani ya karte, chini ya programu, walioiunda karte hiyo waliacha mkaguzi, programu ndogo ya kuchunguza nyingine. Ukimwita kwa klavye, kwa kubonyeza herufi zake, anaikatiza programu papo hapo ilipofika, na haifuti kitu. Inabaki imesimama, inangoja uiambie iendelee. Candide aliunganisha karte na ordinateur, kompyuta yao ya chumbani, akaikatiza programu. Kimya. Tukitoka makaburini nitairudisha, alijiambia.

Walipotoka makaburini walimkalisha mkekani. Katika ukoo ule mjane hashiki kazi mpaka kilio kiishe. Hata maji anapewa.

"Mama, niache kidogo niguse ile mashini."

"Weye uko mujane! Batu batasema nini? Kwamba ulikuwa unangojea afe urudie mambo yako?"

Maneno yale yalimchoma. Candide alikaa.

Kesho yake Anne-Marie, jirani aliyekuwa akiwapikia waombolezaji tangu msiba uingie, alibeba sufuria kwenda kuziosha mtoni. Jua lilikuwa linawaka Uvira yote, hakuna hata tone. Lakini baadaye huko juu milimani radi ilianza kunguruma, na Candide akainuka mkekani. Mvua ya huko hushuka na mawe.

"Mama, nakuomba, dakika moja tu."

Pudentienne alimshika mkono. "Kaa. Muheshimu bwana yako."

Na hapo ndipo alipopaswa kupiga kelele, jamani! Aseme: sirene imesimama, haitalia, Anne-Marie iko mutoni! Lakini aliona haya mbele ya wale wanawake wote, akainamisha kichwa. Pengine mvua ingepitia upande mwingine.

Haikupitia huko. Waliusikia mto kabla ya kuuona, mawe yanagongana. Candide alijichomoa, akamwangusha mama mkwe, akakimbilia chumbani. Aliiamuru programu iendelee. Ikakwama. Akaiamuru tena; wapi! Basi akaianzisha upya. Vipimo vyote vya Rémy vilifutika, na hakuvifikiria hata kidogo. Sirene ikaanza kulia juu ya paa, na maji yalikuwa yameshapita.

Frédéric, mume wa Anne-Marie, alikuja amejaa matope mpaka kifuani. Mkononi alikuwa na kitenge cha mkewe. Alisimama mlangoni mwa nyumba ya kilio, na wanawake wakajua, wakaanza kulia upya.

"Shemeji," alimwambia Candide, "mbona imelia nyuma, maji yakiisha kupita?"

Pudentienne aliziba mdomo kwa kiganja. Alimtazama mke wa mwanawe, akingoja kutajwa.

"Ni minye," alisema Candide. "Minye niliisimamisha."

Frédéric aliketi chini pale pale kizingitini.

"Nilimuambia radi iko inalia milimani, atoke majini," alisema. "Akanicheka. Akasema, Rémy hawezi kutuacha tufe na maji."