Mti wa Maganda Meusi

Mama Cherehani hajasema hata amina ya sala ya asubuhi, shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu mumewe, akaingia uani na mkata miti.

"Leo limti hili linalala chini," akatangaza. "Kila nikiamka gari langu limejaa maua ya njano, utadhani bibi harusi!"

"Na mimi nikashonee wapi, shemeji? Chumbani giza, tundu la sindano silioni. Wateja wote wananijua chini ya mti huu."

"Mungu wako atakupa kivuli kingine. Si mnaongea kila siku?"

Mjane akaketi kwenye cherehani yake. Alikuwa ameomba tangu Jumatatu mti usalimike, na mpaka saa hiyo juu kulikuwa kimya.

Mkata miti alishusha msumeno huku amejishika tumbo. "Mama, siku ya nne leo sijaenda choo. Hata kuinama taabu."

Hilo Mama Cherehani aliliweza. Ule mti ulikuwa na maganda marefu meusi, na mzee muuza vitambaa, aliyesomea tiba ya Kihindi ya Ayurveda, alimfundisha kuloweka nyama tamu ya ndani ya maganda hayo na kuichuja. Mtaa mzima ulikuwa umefunguka kwa mkono wake. Akaleta bilauri iliyojaa dawa hiyo na kijiko cha chai.

"Kijiko kimoja tu, fundi. Zaidi ya hapo utanilaani."

Shemeji akaidaka bilauri. Katika ukoo ule hakuna kilichopita mdomoni mwa mtu kabla mkubwa hajaanza, na yeye ukubwa huo hakuwahi kuuchezea.

"Tangu lini kibarua akanitangulia?"

"Shemeji, hiyo ni dawa!"

"Tamu hivi?" Akaigugumia, akamwachia fundi kijiko cha mwisho. Kisha akamwonya, "Nikitoa amri nimetoa. Ukishapanda, kata. Usisikilize kelele za mtu."

Fundi akaenda kutafuta kamba. Aliporudi, mwepesi na mwenye furaha, jua lilikuwa utosini na bosi haonekani. Akapanda, akakata tawi la kwanza, lile nene la upande wa choo.

Sasa choo kile upepo uliondoka na paa lake mwaka wa msiba, na shemeji ameahidi bati jipya mpaka ahadi imeota kutu. Kilichokisitiri ni tawi hilo tu. Lilipoanguka, wanawake waliokuwa wakianika nguo ghorofani kwa jirani walimwona mkubwa wa ukoo kachuchumaa, jasho linamtoka, hawezi kuinuka.

"Ee! Shemeji yetu, pole na kazi!" mmoja akapiga ukelele.

"Fundi! Acha! Usikate!" shemeji akabweka.

Fundi akamtazama mjane. Tawi la pili lilikuwa tayari linalia.

"Bosi kasema usisikilize kelele," mjane akajibu, macho kwenye sindano.

"Shemeji, nakuomba! Mti ni wako! Mwambie ashuke!"

"Wangu mpaka lini?"

"Mpaka ufe! Mpaka nife mimi, na ninakufa sasa hivi!"

Mama Cherehani akainua uso ghorofani. "Jamani, mmesikia?"

"Tumesikia na tumeona!" wakajibu kwa pamoja.

Akamwashiria fundi ashuke. Kisha akatwaa shuka alilokuwa akilipinda, akaenda kulitupia juu ya ukuta wa choo, uso kando, na njiani akaimalizia ile amina.