Amina ya Kinyozi

Kinyozi alikuwa mtu wa adabu, na adabu ndiyo iliyomponza. Binti yake alipomfundisha simu mpya, mzee alishika jambo moja tu: kwenye kundi la mtaa, ukisemeshwa, jibu. Kusoma kwake kulikuwa kwa kubahatisha, macho nayo yamechoka, basi kila ujumbe aliujibu "Amina." Maji yatakatika Jumanne: Amina. Magodoro yameshuka bei: Amina.

"Kinyozi, hata godoro unaliombea dua?" wateja walimtania. Naye hucheka, mkasi haukomi.

Siku moja mtu akaandika kwamba mkubwa wa nchi afe kabla ya uchaguzi. Watu mia na ushei wakasoma, wakanyamaza kama maji mtungini. Mzee peke yake akaitikia.

Polisi walimchukua kesho yake saa nne asubuhi, mteja kanyolewa upande mmoja.

Binti hakulia. Mzee alikuwa ameacha simu kwenye droo ya nyembe. Akaibeba hadi kituoni.

"Shikamoo, afande. Baba anaitikia kila kitu. Tazama mwenyewe."

Afande akapekua kwa kidole, akacheka mpaka kofia ikamcheza. "Loo! Mzee huyu muumini wa magodoro!" Mara kicheko kikakatika. "Na huyu anayesema bei ya unga ni wizi wa wakubwa, nani?"

"Simjui."

"Humjui, na jina mmemwandikia? Fundi Bomba. Na huyu Mwalimu Mstaafu, ana maneno huyu!" Akavuta karatasi, akaanza kunakili.

Binti akanyoosha mkono. "Naomba simu yetu, afande."

"Haraka ya nini, dada? Si umeileta mwenyewe?"

Mchana ule baba akaachiwa. Kesho yake akachukuliwa fundi bomba, keshokutwa mwalimu. Hawajarudi.

Simu ilirudishwa baada ya wiki. Kwenye kundi watu walikuwa wametoka mmoja mmoja, wakabaki wawili, baba na mwana. Waliozoea kunyolewa kwake sasa wanavuka barabara wakifika mlangoni. Mzee hupangusa kiti kisichokaliwa, kisha hutazama simu.

"Mwanangu, mbona siku hizi watu hawasemi? Kuna niliyemkosea?"

"Hukumkosea mtu, baba."

Binti akapita nyuma ya pazia, akatoa simu yake, akaandika: "Habari za asubuhi, majirani."

Akasikia ya baba ikilia, na kigoda chake kikikwaruza sakafu mzee akiinuka upesi, kwa furaha, kuitikia.