Moto wa Bakr

Asubuhi ile mama aliinua kidevu kama ilivyo desturi yake, akangoja nimfunge pini ya mtandio, nami nikamdunga. Haikuwa imepata kutokea. Tone dogo la damu lilitokeza chini ya taya, akalipangusa kwa mgongo wa mkono, maana vidole vyake havimfai kwa kazi ndogo ndogo. Nikiwa nyumbani kazi ya pini ni yangu. Nisipokuwapo, jirani ndiye humfunga.

"Leo una nini?" akauliza.

"Sina kitu, mama."

"Mkono watetema."

Nikasema ni baridi. Mwezi wa pili Kipungani hakuna baridi hata ndani ya mtungi. Mama hakuniamini, lakini aliinua kidevu tena, nikamfunga polepole huku nimezuia pumzi.

Wakati huo nilikuwa karani wa kamati ya afya ya bunge la kaunti. Kamati ilikuwa ikizunguka visiwani kukusanya maoni juu ya mswada wa kupiga marufuku sigara katika baa, mikahawa, gati na kila mahali pa umma. Tulikuwa tumeshakwenda Amu, Pate na Ndau, na kote huko niliandika maneno ya watu bila moyo kunienda mbio. Siku hiyo ilikuwa zamu ya Kipungani, kwetu, na mama alikuwa amejiandikisha kusema. Alitaka kuwaonyesha waheshimiwa mikono yake na kuwaeleza habari za moto wa Bakr.

Moto ule una jina. Watu wa kwetu huhesabia miaka kwa moto huo: fulani alizaliwa kabla ya moto wa Bakr, fulani aliolewa mwaka wa pili wake. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne. Na aliyeuwasha ni mimi.

Bakr alikuwa akiwaletea wanawake ukindu kwa punda wake, akiupanga mafungu mafungu katika ghala la makuti walimoweka mikeka iliyokamilika. Alikuwa mvutaji sigara mkubwa, lakini mtu wa adabu. Alijua kwamba ukindu na moto havikai nyumba moja, kwa hiyo kabla hajaingia ghalani aliiacha pakiti yake nje, juu ya baraza, na kiberiti chake. Kila siku alifanya hivyo. Siku hiyo nilipita nikaikuta pakiti iko wazi. Nilikuwa nimewatazama wanaume wanavyovuta pumzi ya kwanza na kufumba macho, nikataka kujua wanaona nini huko. Nikachomoa sigara moja na njiti mbili za kiberiti. Bakr alipokwenda zake, nikaingia ghalani kwa mlango wa nyuma.

Sikufumba macho. Nilikohoa mpaka machozi yakanitoka, na katikati ya kikohozi nikasikia ndara za mama zikimpiga visigino. Msichana wa Kipungani akutwe na sigara mkononi! Nilichoogopa ni fimbo na aibu. Moto haukunijia akilini hata kidogo. Niliichomeka ile sigara ndani ya fungu la ukindu, nikatoka mbio, na mama akaja akafunga mlango wa mbele kwa kufuli, akaenda kuswali.

Mikeka mipya ya msikiti ilikuwa humo, waliyoisuka wanawake wa mtaa mzima tangu Mfungo Tatu ili itandikwe Ramadhani. Mama aliingia ndani ya ule moto mara mbili. Mara ya kwanza alitoka na mikeka minne. Mara ya pili hakutoka na mkeka, na watu walimmwagia maji mikononi huku akipiga kelele ambazo mpaka leo nikizikumbuka huziba masikio. Vidole vilipona vimekunjika, viwili vimegandana, na hajasuka tena.

Hakuna aliyejua moto ulianzia wapi. Siku ya tatu wanawake wakaafikiana kwamba Ijumaa, baada ya swala, Maalim Husein asome halbadiri, ili aliyechoma ghala ajulikane kwa madhara yatakayompata mwilini. Kwetu kisomo hicho hakifanyiwi mzaha. Tulikuzwa kwa visa vya mwizi aliyevimba tumbo mpaka likapasuka, na cha mwongo aliyeshikwa na wazimu akawa anakula majani pamoja na mbuzi. Nililala nimejishika tumbo, nikilipima kama limeanza. Kila asubuhi niliapa nitamwambia mama, na kila nilipoiona mikono yake imefungwa bandeji hadi viwikoni, ulimi ulinifia.

Alhamisi alasiri Bakr akaja mlangoni petu. Hakuingia. Alisema kwa sauti ya kusikika na majirani:

"Bi Kulthum, msisome. Ni mimi. Niliingia na sigara."

Halbadiri haikusomwa. Nilipaswa kushukuru, na nilishukuru, kisha nikaanza kuogopa upya. Bakr alimuuza punda wake, maana hakuna mwanamke aliyepokea ukindu wake tena. Akaenda kuvunja mawe kwenye machimbo ya Maweni, na akirudi kwao jioni alipita mbele ya nyumba yetu. "Asalaam aleikum, Bi Kulthum." Mama hakumjibu hata siku moja. Mama yangu mimi, ambaye mtu akitoa salamu redioni huitikia! Baadaye Bakr aliacha mawe kwa sababu ya kifua, lakini kupita hakuacha, wala salamu hakuacha.

Mimi nilikuwa ndani, nikisikia. Sikujua kama Bakr ananificha, au kama kweli alidhani ni sigara yake aliyoisahau. Kama hajui, basi nimempa mtu dhambi yangu abebe. Kama anajua, basi siku yoyote akichoka kuibeba ataitua mbele za watu. Miaka ishirini na miwili sikuthubutu kumwuliza, na nikimwona anakuja upande huu, mimi nilishika njia ya upande wa pili.

Mkutano ulifanyika darasani. Waheshimiwa walikaa mbele, mimi pembeni na daftari, na kila msemaji alitakiwa aje kwenye meza yangu ataje jina lake kwanza. Mheshimiwa Lubna, mwenyekiti wa kamati, akausoma mswada. Alipofika kwenye neno baa, watu wakacheka.

"Mheshimiwa, sisi hapa baa hatuna," akasema Maalim Husein, ambaye sasa alikuwa mzee wa kuongozwa kwa mkono. "Mumetuletea dawa ya ugonjwa wa jirani."

Jirani mwenyewe alikuwepo. Kerubo ana baa ndogo mjini Amu, na kwa kuwa kule hakupata nafasi ya kusema, alitufuata kwa boti. Akasimama akasema wateja wake wakikatazwa kuvuta ndani watavuta vichochoroni, chini ya madirisha ya watu, "na hapo bado mtakuja kunilaumu mimi." Mwingine akauliza kama daka la nyumba yake, kile kibaraza cha mlangoni, ni mahali pa umma, maana yeye ndiye aliyelijenga lakini wapita njia ndio wanaolikalia. Walibishana juu ya daka hilo robo saa nzima. Niliandika kila neno, na nilitamani wabishane mpaka boti yetu iondoke.

Kisha mama akaitwa. Alitaja jina lake mbele yangu kama mtu asiyenijua, akaitoa mikono ndani ya buibui, akaiinua.

"Hini ni kazi ya sigara moya," akasema. "Moya tu. Na mwenyewe, Bakr, yupo pale mlangoni. Muulizeni."

Vichwa vyote vikageuka. Bakr alikuwa ameketi kizingitini, nusu ndani nusu nje, kofia juu ya goti.

"Bwana Bakr, ungependa kujibu?" akauliza Mheshimiwa Lubna.

Akainuka kwa shida, akaja mpaka mezani kwangu. Nilikiona kivuli chake juu ya ukurasa.

"Jina," nikasema bila kuinua uso.

"Waniyua, Hadil."

Mheshimiwa akacheka kidogo, akamwambia, "Litaje tu, mzee wangu, ni kwa ajili ya kumbukumbu." Akalitaja. Nikaliandika kwa mkono uleule uliomdunga mama.

"Sheria hiyo naiunga mkono," Bakr akaanza. "Lakini imepungua. Mwaandika mtu asivute hapa, asivute pale. Andikani na hili: mwenye sigara asiiwate ovyo. Mimi niliiwata pakiti yangu juu ya baraza, nikaingia ghalani kutua ukindu. Nikiona hayo ni maarifa makubwa. Kitu kikiwatwa ovyo, mtoto hukiokota. Na mtoto hana makosa. Makosa ni ya aliyekiwata."

Basi alijua. Tangu mwanzo alijua.

"Mtoto gani, Bwana Bakr?" Mheshimiwa Lubna akauliza.

Nilimtazama mama. Alikuwa amesharudisha mikono ndani ya buibui. Bakr alikohoa, akakohoa tena, akashika ukingo wa meza yangu ili asianguke, na mimi nikawa naomba dua nisiyojua mwanzo wake wala mwisho wake. Kama angenyoosha kidole, hakikuwa na safari ndefu.

"Mtoto yoyote, Mheshimiwa," akasema. "Nti hini ina watoto wangapi?"

Watu wakacheka, akaitwa mwingine. Bakr akajikokota hadi kizingitini pake. Nilipoangalia daftari, niliona maneno yake yameishia kwenye "ovyo". Mtoto hakuwemo kwenye ukurasa wangu.

Mswada wenyewe, ukitaka kujua, ulikwenda ukarudi. Walibishania baa, wakabishania daka, uchaguzi ukaingia katikati, na mpaka nahamishwa ofisi ulikuwa haujapita. Lakini siku ile sikujali upite usipite. Waheshimiwa walipopanda boti niliomba ruhusa nibaki, maana mama alikuwa ameniambia mbele yao, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba ananihitaji.

Alikuwa ameketi ukumbini, amevua mtandio, na chai mbili ziko tayari.

"Ndoo ukae," akasema, akanionyesha nafasi ubavuni pake. "Nisomee aliyosema Bakr. Nalikuwa mbali, sikusikia vyema."

Mama husoma Kurani bila kukwama, lakini maandishi ya serikali hayawezi. Na hakuwa mbali. Alikuwa safu ya kwanza.

Nikafungua daftari, nikasoma: sheria anaiunga mkono, imepungua, mwenye sigara asiiwate ovyo. Nikalifunga.

"Umeruka pahala."

"Sikuruka, mama. Nilipoandika ni hapo."

"Na ya mtoto?"

"Sikuyaandika."

"Kwani?"

"Niliogopa."

Hakuniuliza niliogopa nini. Aliitazama mikono yake juu ya mapaja. Aijuaye siri ya mtungi ni kata, na mimi nilikuwa nimeamini miaka yote hiyo kwamba kata, kama ipo, ni Bakr peke yake. Nikasema:

"Ni mimi, mama. Sigara naliitukua barazani. Nikakusikia ukiya, nikaitia ukinduni."

Mambo ya miaka ishirini na miwili yalikwisha kabla ya chai kupoa. Nilingoja kofi, au kilio, au mlango. Mama hakufanya lolote katika hayo.

"Kumi na mine," akasema. "Ulikuwa na miaka kumi na mine. Na mimi ndiye niliyewambia wasome. Wenzangu walitaka kusamehe, mimi nikakataa. Nikamwambia Maalim asome asibakishe." Akanitazama, na sikuwahi kumwona mama amejawa na hofu vile, hata siku ya moto. "Hadil, kumbe nalitaka kukusomea wewe."

Tulikaa hivyo, kila mmoja anamwogopa mwenzake.

Kisha akainuka, akachukua mtandio na pini. Nami nikainuka, mkono nimeshaunyoosha.

"Wata," akasema, akiusukuma mkono wangu kando.

Akajifunga mwenyewe. Pini ilimponyoka, akainama akaiokota kwa viganja viwili. Ikamponyoka tena. Nilisimama palepale mikono imening'inia, na sijapata kuona kazi ndogo ikichukua muda mrefu kiasi kile. Mwishowe ilikaa, imepinda, imeshika nusu ya nguo. Akavaa ndara zake akatoka.

Nyumba ya Bakr ni ya tatu kutoka kwetu. Nilimtazama kutoka mlangoni akienda mpaka pale, akasimama. Hakusema hodi, wala hakusema asalaam aleikum kama asemavyo mgeni.

"Wa aleikumu salaam, Bakr," akasema. Kisha, kwa sauti ya juu zaidi, "Zote."

Kwanza kikohozi kutoka ndani. Halafu, "Karibu, Bi Kulthum."

Hawakuniambia walizungumza nini, na mimi sikuuliza. Nilibaki ukumbini mpaka nikasikia ndara zikimpiga visigino, zikija, vilevile kama siku ile ghalani. Macho yangu yenyewe yaliutafuta mlango wa nyuma. Sikukimbia.

Mama akaingia, akaja akasimama mbele yangu. Mtandio ulikuwa umekaa upande, na ile pini imemkwaruza shingo. Akainua kidevu, akangoja.