Jicho la Chelagat na Kesi ya Moshi

Chelagat alikuwa amechoka, na si uzee uliomchosha, ni Kiptum. Tangu mama atolewe mtoto wa jicho, kifungua mimba huyu alijiajiri kuwa askari wa jicho. Moshi, marufuku. Kuinama, marufuku. Na lililomuuma zaidi: kusugua vibuyu vya mursik, maziwa ya kugandisha, kwa kijiti chenye kaa la moto, marufuku kabisa. Mwaka na nusu maziwa yakagandishwa kwenye ndoo ya plastiki, yakatoka na ladha ya ndoo. Wageni pale Mau Narok waliyanywa kwa adabu, wakaaga mapema.

Na bado jicho likaingia ukungu.

"Ulikuwa unapika kisirisiri," Kiptum alimshtaki wakiwa kwenye benchi la kliniki ya macho, Nakuru.

"Na nini? Kiberiti unatembea nacho kama kitambulisho."

"Basi ni moshi wa jirani."

"Mshike jirani."

Daktari Tejal alimpima, akavuta kiti. "Mathe, mtoto wa jicho hajarudi. Siku ile ya upasuaji tuliacha ngozi nyembamba ya kushikilia lenzi mpya. Sasa chembe zilizobaki zimetambaa nyuma ya lenzi. Huwa tunazisafisha, na tunaweka lenzi yenye ukingo wa kuzizuia, lakini zingine zina kichwa ngumu. Tutaitoboa hiyo ngozi na leza. Dakika chache, hakuna kisu."

Kiptum akakohoa. "Na moshi, daktari?"

"Moshi huwasha macho tu. Huu ukungu haukuletwa na moshi."

"Kuinama?"

"Hapana."

"Vibuyu?"

"Vibuyu gani?"

Chelagat alimgeukia mwanawe polepole. Kiptum akaanza kusoma bango la kunawa mikono, neno kwa neno.

Kesho yake asubuhi, dunia ilikuwa imesafishwa. Chelagat aliona utando wa buibui kwenye midomo ya vibuyu vyake. Akamwona na Kiptum, amekunja uso juu ya simu.

"Mama, hapa kwa grupu wanasema ukitoka leza, usi..."

"Kiptum."

"Naam."

"Kata kijiti cha mti wa senetwet, uwashe moto. Leo utavisugua wewe. Vyote saba."

Kufika kibuyu cha tatu, Kiptum alikuwa mweusi hadi viwiko, machozi yakimtiririka. Mama yake alikichukua, akakigeuzia mwanga, akachungulia ndani kwa lile jicho.

"Hapa umeruka," alisema. "Rudia."