Mafuta Yaliyonata Kwenye Figo

Mtu akiniambia tena "mafuta tu", nitamzaba kofi. Na aliyeyasema maneno hayo wa kwanza ni mimi mwenyewe.

Mdogo wangu ni fundi viatu. Miaka sita iliyopita, figo zangu zote mbili zilipokufa, yeye ndiye aliyenipa moja ya zake. Wifi yangu alilia wiki nzima asitake mumewe akatwe, nami nikamtuliza kwa mdomo wangu huu huu: mtu anaishi vizuri tu na figo moja. Tangu hapo mdogo wangu alikuwa akipita kwangu kila jioni na swali lake lile lile, "Dada, umekunywa maji?" Nikisema bado, ananisimamia mpaka chupa iishe. "Hiyo mali yangu," ananitania, "nimekuazima tu. Usije ukaniharibia."

Mwaka huu figo yake iliyobaki ikakutwa na uvimbe wa saratani. Daktari wa upasuaji, mwanamke mpole asiye na maneno mengi, alituonyesha picha. Alisema uvimbe wenyewe unakatika: unatolewa peke yake, figo inabaki ikifanya kazi. Kisha akaweka kidole kwenye michirizi myembamba iliyoizunguka figo.

"Kinachonitia wasiwasi ni hiki. Haya ni mafuta. Kwa kawaida yanaachia kirahisi, lakini haya yanaonekana yamenata. Kuna mwenzangu amewafanyia wengi wa namna hii, yuko safarini, anarudi baada ya wiki tatu. Ningependa tumsubiri."

"Wiki tatu!" Nilidakia hata hajafunga mdomo. "Saratani imo tumboni mwa mtu, tukae tunasubiri mafuta? Ni mafuta tu hayo, daktari!"

"Uvimbe wa aina hii haukimbii, mama."

"Umewahi kuwa nao wewe?"

Mdogo wangu, ambaye hajanibishia tangu nilipokuwa nambeba mgongoni, akacheka. "Dada akishasema, imepita hiyo. Fanya tu, daktari." Wifi alinitazama, kisha akaangalia chini. Ikapangwa Jumatatu.

Tuliambiwa ni kazi ya saa tatu. Zikapita tano, mlango bado umefungwa. Muuguzi akatoka mbio, akarudi na mifuko miwili ya damu, wala hakututupia jicho. Wifi alikuwa amekunja shati la mumewe mapajani, analikunjua, analikunja tena.

Daktari alipotoka, kofia yake ilikuwa imelowa jasho. Akavuta kiti, akakaa mbele yetu. Miaka yangu ya hospitali imenifunza kwamba daktari akikaa, mambo yameharibika.

"Yalinata kuliko picha ilivyoonyesha," alisema. "Kila nikiyabandua, ngozi ya figo inabanduka nayo, damu inatoka. Nilitumia zaidi ya saa mbili kuutafuta uvimbe tu. Nilipoufikia, figo ilikuwa imechanika huku na huku, na damu haikamatiki. Ilibidi niitoe yote. Yeye yuko hai."

Wifi hakulia. Akanigeukia mimi, si daktari.

"Sasa anazo ngapi?"



Nilimfuata daktari koridoni. "Huyo mwenzako angeweza?"

"Labda. Labda naye angeshindwa. Lakini mimi nilipaswa kukukatalia."

"Basi nitoe hii niliyo nayo, umrudishie mwenyewe."

"Mama, hakuna daktari hapa atakayekubali kufanya hivyo." Akanishika bega. Nikautoa mkono wake, nikaenda kulia chooni, bomba nimelifungulia nisisikike.

Mdogo wangu alipoamka akaelezwa yote. Alisikiliza mpaka mwisho. "Hiyo ni soli iliyopigwa gundi mara mbili," akasema kwa sauti ya kukwaruza. "Ukiivuta inakuja na ngozi. Nimeharibu viatu vya watu wengi hivyo hivyo. Pole, daktari." Daktari akageukia dirishani.

Sasa anaenda kwenye mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila mara, kwenye kiti cha karibu na dirisha nilichokaa mimi zamani. Wifi ananisalimia, basi. Na mdogo wangu ameruhusiwa vikombe viwili tu vya maji kwa siku, maana hana figo ya kuyatoa. Kiu hiyo naijua. Unaota bomba. Ukisikia mtu anamimina maji chumba cha pili, unatamani kumpiga. Kwa hiyo nikienda kumwona sinywi. Najua naidhulumu figo, lakini siwezi, nafsi inanisuta.

Jana aliiona chupa ikichungulia mkobani mwangu.

"Dada, umekunywa maji?"

"Bado."

"Kunywa."

"Nitakunywa nyumbani."

"Hapa hapa, nikuone. Ndiyo figo pekee tuliyobaki nayo."

Nikafungua chupa. Alilitazama koo langu funda baada ya funda, huku akilamba midomo yake iliyopasuka, mpaka chupa ikaisha.