Sindano ya Kuazima

Kila asubuhi mwaka ule wa 1996, muuguzi Ifrah alifungua friji ya kliniki moja mjini Garissa, akatoa sindano ya Fowsiya. Fowsiya, muuza vitambaa, na binamu yake Dagane, mchungaji ngamia wa Habaswein, walikuwa na saratani ya damu, ile sugu inayomla mtu polepole. Daktari wa utafiti kutoka Nairobi alikuwa amepiga kura: Fowsiya apate vidonge na sindano, Dagane vidonge tu. Alitaka kuona kama dawa mbili zinaishinda moja.

Zilishinda. Fowsiya alinenepa, akaanza tena kugombana na wateja. Dagane bandama ilimvimba hadi akatembea kama mwenye mimba ya mapacha, na damu yake ikitolewa ilionekana kama chai iliyozidi maziwa. Aliomba sindano. Daktari akasema kura ni kura.

Kwao, ndugu aliyefilisika huazimwa ngamia wa maziwa, akamkama hadi ajiweze. Basi Fowsiya alimwita Kulow, mzee wa mtaa, awe shahidi, akamwazima Dagane sindano yake. Si chupa, chupa ilifungiwa kwa kufuli. Alimwazima kazi ya dawa ile mwilini.

Kesho yake Ifrah alimdunga Fowsiya, na homa ya sindano ikampanda Dagane aliyekaa naye benchi moja. Ifrah akampelekea Dagane blanketi. Miezi ikapita, bandama ya Dagane ikanywea. Damu ya Fowsiya ikaanza kuwa nyeupe, na ugomvi dukani ukaisha.

"Walaal, ndugu yangu, chukua ngamia wako," Dagane alimwambia.

"Umepona?"

"Bado."

"Basi endelea kukamua. Na wallahi usinisumbue tena."

Daktari alikuja kusoma majibu. Aliyedungwa amezidiwa, asiyedungwa anapata nafuu. Akaamua sindano hazina faida, zisimamishwe kwa wagonjwa wote wa utafiti. Kulow alimweleza habari ya kuazimana, taratibu, na yeye mwenyewe akiwa shahidi.

"Nakuamini, mzee," daktari alisema. "Lakini waliotutuma hawakuuliza hilo."

Mchana friji ikatolewa ipelekwe Nairobi. Dereva na daktari waliishika huku na huku, ikawashinda kwenye ngazi. Fowsiya na wagonjwa wengine wa kliniki walikuwa wamelala au wameegemea ukuta. Ni Dagane tu aliyekuwa na nguvu, kwa hiyo akainuka akaisukuma mpaka ndani ya gari.