Boti Yenye Jina la Ricarda

Klabuni kwetu Brandenburg, boti haipewi jina la mtu ambaye bado anapiga kafi. Jina huandikwa ukishamaliza: umestaafu, umevunjika mgongo, au umekufa. Ndiyo maana Jumatano ile, Ricarda alipovuta turubai bandani akitafuta kafi lake la akiba, akakuta kayaki mpya nyeupe yenye jina lake ubavuni, mimi nilikosa utani. Na mimi kukosa utani ni kama bata kukosa maji.

Mchujo ulikuwa Jumamosi. Katika boti ya taifa ya watu wanne, viti vitatu vilishapata wenyewe. Cha nne kingekwenda kwa mmoja wetu: Ricarda Pohlmann, miaka thelathini na tano, bingwa wa dunia mara saba, au mimi, Jette, miaka kumi na tisa, bingwa wa kuchelewa mazoezini.

"Wamekupunja n moja," nilisema mwishowe. Walikuwa wameandika Pohlman.

Aliinama akasoma, kama mtu anayesoma bei ya viazi. "Kweli. Basi si mimi huyo."

"Dada, hukasiriki?"

"Niikasirikie rangi?"

Kocha Lothar akaingia anatafuna mkate wa soseji. Alipotuona, taya likasimama.

"Mchoraji alikuwa na nafasi wiki hii tu," alisema. "Wiki ijayo anakwenda likizo."

"Na jeneza langu umeshaagiza, Kocha? Maana maseremala nao huenda likizo," alisema Ricarda.

Akarudisha turubai na kulinyoosha pembe zote, vizuri, kama anatandika kitanda cha mgeni.

Tulipokuwa tunabadilisha nguo akaniambia kwamba tangu majira ya baridi vidole vyake viwili vya mkono wa kushoto vina ganzi. Daktari wa timu hajui. "Kafi silihisi. Inabidi niutazame mkono ndio nijue nimelishika."

"Na medali ya mwaka jana je?"

"Hiyo nayo sikuihisi. Ila hilo si kosa la vidole."

"Mbona unaniambia mimi? Jumamosi mimi ndiye adui yako."

"Adui gani? Wewe unapiga kafi kama mtu anakoroga supu. Shida ni kwamba unakoroga haraka." Akafunga zipu. "Ukinihurumia, nitajua. Na sitakusemesha tena."

Jumamosi, mita mia tano, upepo wa ubavuni. Hadi mita mia tatu ncha ya boti yake ilikuwa sawa na yangu. Nilivikumbuka vile vidole. Halafu nikakikumbuka kiti. Nitasema ukweli: nilikitaka kiti. Nilikoroga supu yangu mpaka mwisho, na karibu na mstari nikasikia kafi lake likiruka pigo moja. Moja tu.

Nilimpita kwa sehemu kumi na moja za mia za sekunde. Nikakaa majini nikingoja furaha. Haikuja. Nilipogeuka, nikamwona Ricarda ameinamisha kichwa, anautazama mkono wake wa kushoto. Bado ulikuwa umeshika kafi.

Jumapili tukabatiza boti. Kwetu anayemwaga mvinyo wa mapovu ni mdogo kuliko wote, yaani mimi, Mungu ana utani wake. Mchoraji alikuwa ameongeza ile n, akaibana pembeni kama mtu aliyechelewa karamu. Watu walisimama na sahani za keki ya plamu, hawajui kama wapige makofi.

"Mwaga bwana," Ricarda alisema. "Mvinyo unapata joto."

Nikamwaga. Watu wakapiga makofi kidogo, wakarudi kwenye keki.

Mwenye jina hakai kwenye boti yake, hiyo nayo ni desturi, kwa hiyo Kocha akanipa mimi. Nilipoingia, miguu haikufika kwenye ubao wa kukanyagia. Kiwandani waliupima kwa vipimo vya Ricarda, kila kitu kwa vipimo vyake.

Akapiga magoti gatini, akafungua skrubu, akauvuta ubao kunielekea.

"Mimi nilikuwa mrefu," alisema.

"Bado u mrefu, dada."

Alikuwa anakaza skrubu ya mwisho, macho yakiwa kwenye vidole vyake, apate kujua kama imekaza.